Uzoefu wangu: tinkcha ya mkaratusi ya kujitengenezea (na ya mpera iliyonichosha)

Wakuu, kwa wenye haraka jibu ni hili: ya mkaratusi tengeneza, ya majani ya mpera usijisumbue. Wenye muda twende taratibu.

Tinkcha ni majani tu unayaloweka kwenye pombe kali mpaka pombe ivute nguvu ya jani, unachuja, unatunza. Mi niliingia huku baada ya kupita Nanenane pale John Mwakangale Mbeya, kuna meza walikuwa wanauza kachupa ka mkaratusi kwa bei ya kukata na shoka afu lebo haisemi pombe gani, asilimia ngapi, wala kama ni ya kunywa au kupaka, ukiuliza unajibiwa "inatibu kila kitu kaka". Dawa ya kutibu kila kitu mi huwa naikimbia. Na naishi Mafinga bwana, mikaratusi imenizunguka kila upande, ya nini kununua majani?

Ila si kila mkaratusi unafaa. Mingi ya hii ya nguzo ukifikicha jani harufu yake hafifu. Tafuta ule ambao machipukizi yake yana majani mapana ya bluubluu yenye kama unga mweupe juu, jamii ya globulus, lakini hayo machanga yaache, chuma yale ya matawi yaliyokomaa, marefu yamepinda kama mundu. Fikicha moja unuse, kama pua haijafunguka hamia mti mwingine.

Yaanike kivulini, juani mafuta yanaruka. Yakikauka katakata, gramu 100 kwa nusu lita ya pombe. Konyagi ni asilimia 35 inafanya kazi, ukipata ya 40 au zaidi ni bora maana mafuta ya mkaratusi yanayeyuka vizuri kwenye pombe, kwenye maji yanagoma. (Tangu viroba vya pombe vipigwe marufuku 2017 itabidi ununue chupa, hapo ndo gharama yote ilipo.) Jirani yangu akaniuliza kwa nini nisitumie ulanzi, ile pombe ya mianzi, nikacheka sana, ulanzi hauna ukali huo, ungeendelea kuchacha humo humo na majani yako yakaoza. Na tafadhali spiriti ya jiko HAPANA, gongo HAPANA, humo inaweza kuwemo methanoli, pombe ya sumu, na haina mchezo, inapofusha watu na inaua. Kama ni ya kupaka tu, spiriti ya famasi inatosha.

Unafunika, unaweka kabatini kusiko na mwanga, unatikisa kila siku, wiki mbili mpaka nne. Mwanzoni inakuwa kijani kabisa, baadaye inaelekea kahawia. Chuja kwa kitambaa safi, kamua kwa nguvu, tia kwenye chupa ya rangi nyeusi na uandike jina na tarehe, yani andika kweli, maana chupa za dawa zote zinafanana.

Sa inasaidia nini? Mi napaka kifuani na mgongoni usiku wa Juni na Julai, mnaoijua baridi ya Mafinga mnanielewa. Mafua haiponyi, tusidanganyane, ila kifua kinakuwa chepesi unalala. Bibi yangu anapaka magoti, kila nikienda neno la kwanza ni "mjukuu, chupa yangu iko wapi?" hata salamu bado. Kujifukiza pia, kijiko kimoja kwenye beseni la maji ya moto, maji yanageuka meupe kama yametiwa maziwa pale pale, usiogope, ni mafuta yanajitenga baada ya kukutana na maji. Kiukweli kwa kujifukiza majani mabichi kama tulivyofanya wote 2020 wakati wa korona yanafanya kazi ile ile na ni bure, faida ya chupa ni kwamba usiku wa baridi hakuna wa kumtuma nje kuchuma.

Mabaya yake: inatia madoa ya kijani kwenye nguo nyeupe na hayatoki. Ngozi laini inawasha, jaribu kwanza kidogo mkononi. Kubwa zaidi ni moto, huku kwetu jioni wote tumezunguka jiko la mkaa, hii ni pombe, inashika. Paka mbali na jiko, ikauke kabisa ndo usogee. Na usiinywe, mafuta ya mkaratusi tumboni ni sumu, kiasi kidogo tu kinaweza kumtia mtoto degedege. Watoto wadogo usiwapake kabisa puani wala usoni, inaweza kuwabana pumzi.

Ya mpera niliitengeneza kwa majani ya kwa dada yangu Ipogolo, nikawa nasukutulia mdomo nikiichanganya na maji. Chungu, inakausha ulimi, na matokeo sikuona tofauti na majani ya kuchemsha. Ni sawa tu, maana tanini ya mpera (ndo hiyo inayokausha ulimi) inatoka vizuri kwenye maji ya moto, pombe ya nini? Hela imeenda bure hapo.

Wanaoulizia mwarobaini, huku baridini haustawi. Watu wa Kyela na Usangu mnayo, kama kuna aliyejaribu aje aseme, hasa kwa upele wa kichwani.