Uchambuzi wa Gillette Fatboy ya 1960: pete yenye namba 1 hadi 9

Karibuni tena watazamaji wangu, hapa Arusha. Mashine niliyoishika mkononi ni ile ambayo wengi wenu mmekuwa mkiiulizia tangu nilipoanza kuwaonyesha mkusanyo wangu wa mashine za zamani za kunyolea ndevu kwa wembe: ni Gillette ya kurekebishwa, ambayo wakusanyaji huiita Fatboy kwa sababu ya unene wa mpini wake. Namna ya kuweka wembe sitaieleza leo, kwa kuwa kila aliyewahi kumwona babu yake akinyoa anaijua. Ukizungusha kifundo cha chini, milango miwili ya juu inafunguka, wembe unaingia, basi.

Tuanze na umri wake, maana hapo ndipo wauzaji wajanja hukamatwa. Naomba mtazame chini ya kichwa, hapa ninapogusa kwa ukucha, mtaona alama ya F3. Kuanzia miaka ya 1950 Gillette walikuwa wakigonga herufi ya mwaka pamoja na namba ya robo ya mwaka, na kwa kuwa herufi A ni ya 1955, F inakuwa 1960, nayo 3 ni robo ya tatu, yaani Julai hadi Septemba. Maana yake ni kwamba mashine hii ilitoka kiwandani Marekani zaidi ya mwaka mmoja kabla Tanganyika haijapata uhuru, na milango yake bado inafunga bila kupwaya. Fatboy zilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1958 hadi 1961 tu. Kwa hiyo mtu akikuletea ya 1970, huyo anakuuzia mashine nyingine kabisa, pengine ile ya mpini mweusi iliyokuja baadaye.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niwashe kamera, nalo ni hii pete yenye namba iliyo shingoni mwa mashine. Sikilizeni kwanza: tk, tk, tk. Kila hatua ina mlio wake na kila mlio unausikia kidoleni, jambo ambalo mashine nyingi mpya za kurekebishwa, pamoja na bei zake, hazijaliweza. Mimi hulegeza kifundo cha chini kidogo kabla ya kuzungusha pete, ili nisiilazimishe mitambo ya ndani ambayo vipuri vyake havipatikani popote. Nikiiweka kwenye namba 1 na kuielekeza kwenye taa, mnaona mwanga mwembamba sana ukipita kati ya makali ya wembe na ukingo wa usalama. Nikiipeleka hadi 9, mwanya umepanuka waziwazi na makali yamebaki wazi zaidi mbele ya ngozi. Siri yote ni hiyo: mwanya ukiwa mdogo mashine inakuwa mpole, ukiwa mkubwa inakata kwa ukali.

Nimeshapaka povu, kwa hiyo shavu hili nalinyoa kwa namba 3. Sauti ni ndogo, ngozi haisikii kitu, lakini nikipitisha kiganja naona kuna ndevu zilizosalia. Nakwenda 5, napita palepale, na sasa mnasikia mkwaruzo wenyewe, kama wa jembe linapopita kwenye udongo mkavu. Kidevuni, ambako ndevu zangu ni ngumu, naongeza hadi 7. Shingoni narudi 3 bila mjadala, kwa sababu ndevu zetu za kipilipili hujikunja na kurudi ndani ya ngozi zikikatwa chini mno, na hapo ndipo vile vipele vinapozaliwa. Mashine za nyembe mbili kwa pamoja, ambazo Gillette hao hao walizileta 1971, huuvuta unywele kabla ya kuukata, nao hurudi chini ya ngozi. Kwa wengi wetu hilo si sifa, ni adhabu. Namba 9 nimewaonyesha kwenye taa tu, usoni siipeleki.



Sasa hapa nitawaudhi baadhi yenu. Ni nzito, karibu gramu 80, na mpini wake mfupi na mnene huteleza mkono ukiwa na sabuni. Ndugu yake Slim, aliyeanza kutoka 1961, ana pete ya namba 1 hadi 9 vilevile, mpini mwembamba, uzito mdogo, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Tena nikijitazama vizuri, namba 5 ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi usoni mwangu, na kazi ya namba moja tu kama hiyo hufanywa vizuri na Super Speed, mashine ya kawaida ya Gillette ya miaka ya 1950, isiyo na pete yoyote. Fatboy ni ya kumilikiwa na anayependa mitambo. Anayetaka kunyoa tu na kwenda kazini asiikopee hela.

Kuhusu bei, kwenye minada ya intaneti Fatboy safi hupita dola 50 kwa urahisi, bado hujalipia usafirishaji. Wembe wenyewe si tatizo, kwani wa dukani kwa Mangi unaingia bila shida na haufiki bei ya chapati moja. Linaloniudhi ni wauzaji wanaosugua mashine kwa waya wa sufuria ili ing'ae. Hii imetengenezwa kwa shaba na kupakwa nikeli, na nikeli ikishaondoka unabaki na madoa ya njano ambayo hakuna sabuni itakayoyaondoa. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha. Hata kuichemsha sishauri.

Video ijayo itahusu Tech, mashine nyingine ya zamani ya Gillette, iliyotengenezwa Uingereza, niliyoipata soko la Memorial kule Moshi, katikati ya vijiko na kufuli zisizo na funguo. Wazee wa Kibosho, Marangu na Machame waliokuwa wakiuza kahawa zamani hizo huenda bado wanazo za aina hiyo kwenye masanduku. Ukiikuta kwenu, muombe mzee kwa adabu, usiisugue, nitumie picha ya chini ya kichwa nikusomee alama.