Tathmini ya geomorph: programu ya kuchunguza umbo la fuvu na makazi ya mnyama

Kwa miaka miwili nimetumia geomorph, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya lugha ya takwimu ya R, kuchunguza kama umbo la fuvu la tumbili hubadilika kadiri mvua na uoto wa mahali alipoishi unavyobadilika. Naipendekeza kwa moyo wote, ila kwa mtu aliye tayari kulisoma jedwali la majibu kwa makini kabla ya kuliamini.

Kazi huanza na alama: katika picha ya kila fuvu unaweka nukta mahali palepale, kwa mfano kwenye ukingo wa tundu la jicho au pale safu ya magego inapoanzia. Amri ya gpagen huyapanga mafuvu yote, huyazungusha na kuyaleta kwenye kipimo kimoja, ndipo umbo linatengana na ukubwa. Kuweka nukta kwa programu hii yenyewe kunachosha. Mimi hutumia tpsDig, programu nyingine ya kuweka nukta iliyotungwa na F. James Rohlf, kisha naingiza faili kwenye geomorph kwa amri ya readland.tps.

Ninachokithamini zaidi ni procD.lm, inayopima ni sehemu gani ya tofauti za umbo inaelezwa na ukubwa, jinsia au mvua, huku ikichanganya data mara 999 ili kuona kama uhusiano huo ungeweza kutokea kwa bahati tu. Hapa pana mtego. Isipoelekezwa vinginevyo, amri hii huvihesabu vigezo kwa mpangilio ulioviandika, na kigezo kinachotangulia huchukua pia sehemu kinayoshiriki na vinavyofuata. Nilipotanguliza mvua, ilionekana kueleza mengi. Nilipotanguliza ukubwa, sehemu ya mvua ikapungua sana, kwa sababu tumbili wangu wakubwa walitoka sehemu zenye mvua nyingi. Jedwali halikunionya, na nusura niandike hitimisho lisilo sahihi.

Mafuvu ya makumbusho mara nyingi huwa yamevunjika upinde wa shavu, na gpagen haikubali alama iliyokosekana. Ipo estimate.missing ya kuikadiria, lakini njia yake ya kawaida huegemea wastani wa mafuvu mazima, kwa hiyo fuvu la pekee kutoka eneo fulani huvutwa lifanane na mengine, na tofauti ile ile unayoitafuta hufifia. Fuvu la namna hiyo mimi huliacha nje.

Maelezo ya kila amri yako kwa Kiingereza kitupu, jambo linalowakwaza wanafunzi wengi. Hata hivyo, kila amri ina mfano unaoweza kuuendesha. Anza na data ya plethodon iliyomo humo: salamanda (wanyama wa jamii ya vyura wenye umbo kama la mjusi) 40 wa spishi mbili kutoka milima ya Appalachian nchini Marekani, kila kichwa kikiwa na alama 12, wengine wakitoka mahali spishi hizo zinapoishi pamoja na wengine mahali kila spishi inapoishi peke yake. Kwa kompyuta mpakato ya kawaida, na bila intaneti ukishaisakinisha, utaimaliza kwa alasiri moja.