Uzoefu wangu: ukaguzi wa saa 100 wa Baron 58 uliofanyikia Mwanza

Kwa miaka mitatu ndege yetu, Beechcraft Baron 58 yenye injini mbili za Continental IO-520, ilikuwa ikipelekwa nje ya Mwanza kila ilipotimiza saa 100 za kuruka. Tuliiacha kwa mafundi, tukarudi kwa basi, na baada ya wiki moja au mbili tukapigiwa simu kwamba iko tayari. Karatasi zilikuwa zimejazwa na saini zilikuwepo, lakini sikuwahi kuona kilichofunguliwa wala kilichokutwa ndani. Safari hii niliwaita mafundi waje huku, kutoka karakana yenye idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, wakafanya kazi katika hanga (banda la ndege) tuliloazima uwanjani. Jina lao silitaji kwa kuwa nina malalamiko ambayo bado tunayazungumza nao. Ninachoeleza ni huduma yenyewe, ili mwenye ndege ya aina hii kandokando ya Ziwa ajue adai nini.

Walikuja watatu: mhandisi mwenye leseni, mama wa makamo asiye na maneno mengi, pamoja na mafundi vijana wawili. Kabla ya kufungua chochote waliwasha injini zote mbili zikapata moto, kwa sababu kipimo cha kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyoshika hewa bila kuivujisha, huchukuliwa injini ikiwa bado ya moto. Kisha wakatoa plagi (ndege hii ina plagi 24, mbili kwa kila silinda) na kuingiza katika silinda moja baada ya nyingine hewa yenye presha ya pauni 80 kwa inchi ya mraba, pistoni ikiwa juu kabisa, huku kijana mmoja ameshika propela kwa mikono miwili, maana hewa hiyo inaweza kuizungusha ghafla. Silinda kumi na moja zilishika kati ya 64 na 73. Silinda ya tatu ya injini ya kushoto ilisoma 44.

"Baba, sogea usikilize mwenyewe," akaniambia mhandisi. Nikatega sikio kwenye mdomo wa bomba la moshi, nikasikia hewa ikitoka taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala. Akanieleza kwamba hewa ikisikika kwenye tundu la kumiminia oili, ringi za pistoni ndizo zinazovujisha; ikisikika upande wa kuingizia hewa, ni vali ya kuingiza; na ikisikika pale nilipokuwa nimeinama, ni vali ya kutoa moshi. Akapitisha kamera ndogo kwenye tundu la plagi, nikaona kwa macho yangu: vali nzima huwa na rangi za mduara zilizo sawa pande zote, lakini hii ilikuwa na baka upande mmoja wa ukingo, mahali ambapo joto lilikuwa limeanza kuila. Nilikuwa nimeirusha ndege hiyo siku mbili kabla, nikiwa na abiria wanne, na injini haikuwa imetoa dalili yoyote ambayo mimi ningeweza kuisikia.

Kwa dakika hizo pekee ningelipa ada yao yote. Watu wengi hudhani kwamba injini ya pili ni akiba inayotosha, lakini ndege ndogo ya aina hii ikipoteza injini moja hupoteza nusu ya nguvu na takriban asilimia 80 ya uwezo wake wa kupanda juu. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana kuna joto, na mbele ya pua ya ndege ni maji.

Siku ya pili walinyanyua zulia na vibao vya sakafu. Hapo ndipo nilipoona aibu, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Wageni wanaorejea Dar es Salaam hupenda kubeba sangara kwenye maboksi ya barafu, na sisi hatukuwa tukiwazuia. Maji ya samaki yalikuwa yamechuruzika hadi chini, karibu na nyaya za usukani zinazopita humo, na bati la aluminiamu lilikuwa limeota unga mweupe unaopukutika ukiugusa kwa kidole. Walisugua, wakapima unene wa bati, wakapaka rangi ya kinga. Sasa hatupakii samaki bila sinia la plastiki lenye kingo ndefu.

Vilevile walinifundisha jambo ambalo mafundi wa mbali hawakuwahi kuligusia. Siku za mwezi kuandama, wadudu wa ziwani huinuka kama moshi na kutua popote. Katika filta za hewa tulitoa tabaka lao lililokauka, na katika kijitundu cha kutolea maji cha bomba la kupimia mwendo wa ndege mlikuwa na mdudu mmoja tu, ambaye alitosha kukiziba kabisa.

Magurudumu, ambayo hukunjwa angani na kushushwa kabla ya kutua, yalijaribiwa ndege ikiwa juu ya jeki, kwanza kwa mota ya umeme, kisha kwa mkono, kwa ule mpini wa dharura ulio nyuma ya viti vya mbele, ambao huzungushwa karibu mara hamsini. Nilizungusha mwenyewe nikihesabu kwa sauti, nikaelewa kwamba kuyashusha kwa mkono hakuwezi kusubiri hadi mtu afike karibu na uwanja.

Upande wa lawama sitaficha. Silinda mpya ya kuchukua nafasi ya ile ya tatu ilichelewa siku 19, na kwa siku nne kati ya hizo hakuna aliyepokea simu zangu. Gharama ilizidi makadirio kwa takriban theluthi moja, kwa kuwa gasketi na kazi ya kufunga silinda havikuwa vimetajwa popote. Kibaya zaidi, cheti cha kuirudisha ndege kazini kiliandikwa bila namba ya silinda mpya. Nilikataa kurusha hadi kirekebishwe, na mhandisi alikubali mara moja kwamba nilikuwa na haki.

Walituagiza tutumie oili isiyo na viongezi kwa saa za mwanzo na tusiipe injini hiyo mwendo wa pole, ili ringi mpya zikae vizuri. Baada ya saa 25 tulikata filta ya oili pamoja, tukakunjua karatasi yake juu ya meza na kupitisha sumaku. Hapakuwa na chembe ya chuma. Silinda ya tatu ilisoma 72. Nimewaita tena kwa ukaguzi ujao, kwa mkataba wa maandishi unaotaja bei ya kila spea, mtu wa kupokea simu, na haki yangu ya kuwepo hangani kila kifuniko kinapofunguliwa.