Methanoli, ethanoli au isopropanoli: ipi itiwe kwenye tangi la kunyunyizia maji injini ya turbo

Kwa injini ya turbo yenye mfumo wa kunyunyizia maji kwenye hewa inayoingia ili kuipoza, methanoli safi ya kuchanganya na maji hayo tunaipa nafasi ya kwanza. Ethanoli safi inaifuata kwa karibu. Isopropanoli ni ya kuvukia siku mbili tatu, na spiriti iliyotiwa rangi isikaribie tangi.

Wengi hudhani alkoholi ndiyo inayopoza. La, mpozaji mkuu ni maji: kilo moja ikigeuka mvuke hunyonya takriban kilojuli 2,260, methanoli 1,100 hivi, ethanoli 840 hivi, na isopropanoli chini ya hapo. Alkoholi ina kazi nyingine. Inapanda mvuke mapema (methanoli huchemka kwa nyuzi 65 za Selsiasi), kwa hiyo hewa huanza kupoa kabla ya kufika kwenye silinda. Pia inaongeza okteni (uwezo wa mafuta kuhimili mgandamizo bila injini kugonga), na inazuia mchanganyiko usigande. Maji matupu nayo yanafaa. BMW M4 GTS ya 2016 ilinyunyiziwa maji tu. Oldsmobile Jetfire ya 1962 ilibeba maji na methanoli pamoja na dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo haikuwekwa kwa mapambo: methanoli hula alumini na zinki. Tangi liwe la plastiki ya HDPE, bomba la nailoni au PTFE (Tefloni), oringi (pete za kuzuia uvujaji) za mpira wa EPDM. Oringi za kawaida za Viton, mpira wa aina nyingine, huvimba kwenye methanoli, kisha pampu huanza kuvuja.

Uwiano unaotosha wa alkoholi na maji ni nusu kwa nusu kwa ujazo. Pima kila kimoja peke yake, usijaze mpaka alama ya lita: nusu lita ya methanoli na nusu lita ya maji hutoa kama mililita 965 tu. Ukiwa na mizani, gramu 442 za methanoli kwa gramu 558 za maji. Hidromita (kifaa kinacholinganisha uzito wa kimiminika na wa maji) kwenye nyuzi 20 isome karibu 0.93. Ila jihadhari, mchanganyiko wa ethanoli husoma vivyo hivyo, kwa hiyo hidromita haitakuambia kama umeuziwa kitu kingine. Maji yawe yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, wala si asidi yake. Maji ya bomba huacha chokaa kwenye tundu la nozeli, yaani ncha inayonyunyiza.

Isopropanoli ina mitego yake. Chupa ya asilimia 70 tayari ina maji. Ukiigawa tena nusu kwa nusu unabaki na asilimia 35. Lita moja ya chupa hiyo iongezewe mililita 400 za maji, basi. Ikichanganywa na maji huwa nzito kutiririka, matone ya nozeli yanakuwa makubwa, na mengine hufika kwenye silinda kabla hayajawa mvuke. Zile za kuchulia mwili huwa na mafuta au manukato. Dondosha matone matano kwenye kioo safi, yaache yakauke: kikibaki kiwingu au unato, rudisha chupa dukani. Jaribio hilo hilo ndilo linaloiumbua spiriti nyingi.

Ukibadili alkoholi bila kupima upya, injini itakuambia. Methanoli huhitaji hewa mara 6.5 ya uzito wake, ethanoli mara 9. Nozeli ileile ikitoa ethanoli, mchanganyiko unazidi mafuta: moshi mweusi, nguvu inashuka. Punguza nozeli au petroli, kisha soma sensa ya oksijeni ukiwa kwenye mzigo kamili.

Kuzidisha methanoli kupita nusu hatukushauri. Sehemu yenye joto kali ndani ya silinda inaweza kuiwasha kabla ya plagi, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Hata mchanganyiko wa nusu kwa nusu unashika moto, kwa hiyo tangi lisikae ndani na abiria. Vaa glavu, ukiimeza hata kidogo inaweza kupofusha, na hupenya ngozi.

Kama taimingi (wakati wa plagi kuwasha) imesogezwa mbele kwa kutegemea mnyunyizo, tangi likikauka injini itagonga papo hapo. Kipimo cha kina cha tangi peke yake hakitoshi, maana hakioni nozeli iliyoziba. Weka sensa ya mtiririko karibu na nozeli, iunganishwe na kompyuta ya injini ili mtiririko ukishuka, presha ya turbo ipunguzwe na taimingi irudishwe nyuma.