Boksi linasema volti 4, RCA zinatoa 1.4, na lawama anatupiwa mteja

Nyota mbili kwa tano, na hizo nimezitoa kwa shingo upande. Kioo, Bluetooth na rangi za taa kayasome kwenye boksi, sina neno nayo. Ugomvi wangu na redio hii ya gari ni RCA za nyuma, zile soketi za kupeleka sauti kwenye amplifaya, kifaa cha nje cha kukuza sauti. Wameandika volti 4 kwa herufi kubwa kuliko jina la redio yenyewe. Nimezipima mpaka nimechoka, na volti safi zinazotoka pale ni 1.4.

Asiyeamini apime mwenyewe. Zima ekwalaiza, zima kiongeza besi, zima vichujio vyote, balansi (kushoto na kulia) na feda (mbele na nyuma) ziwe katikati. Piga toni ya hezi 50 iliyorekodiwa kwenye desibeli 0. Multimita iweke kwenye volti za AC, ncha nyekundu iguse pini ya katikati ya RCA na nyeusi iguse pete ya nje. Nasema hezi 50 kwa sababu multimita nyingi za kawaida husoma vizuri hapo, ukipanda kwenye masafa ya juu zinaanza kukosea. Halafu ongeza sauti namba moja moja.

Redio hii inaishia 40. Mpaka 33 wimbi linaonekana laini kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la wimbi, na hapo ndipo ile 1.4. Kuanzia 34 vichwa vya wimbi vinakatwa. Ukifika 40 multimita itakuonyesha 1.8, nawe utafurahi bure, kwa sababu wimbi lililokatwa vichwa linaendelea kupandisha usomaji ilhali muziki umeshaharibika. Usiye na osiloskopu angalia ongezeko lenyewe: kila namba inapaswa kupandisha volti kwa kiwango kilekile cha asilimia. Ongezeko likianza kusinyaa ghafla, umeshapita mwisho wa sauti safi.

Sasa hiyo 4 waliitoa wapi? Nimekaa na hesabu nikaiona. Wimbi safi la volti 1.4 za RMS, ndizo zinazosomwa na multimita, lina kilele cha volti 2 juu na volti 2 chini. Jumlisha kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, unapata 4. Ndicho walichokipima! Wakati huohuo geini ya amplifaya, kile kitasa cha kuilinganisha na redio, kwa kawaida huandikwa kwa volti za RMS, kwa hiyo mnunuzi anayelinganisha namba mbili hizi anapimiwa kwa vibaba viwili tofauti bila kuambiwa. Hata kama wangehesabu kwa kilele kimoja tu, volti 4 za kilele ni 2.8 za RMS, na hizo nazo hazipo.

Niliwaandikia huduma kwa wateja, nikaambatanisha picha za vipimo. Jibu lilikuja la mistari miwili: volti za RCA ni mambo ya matangazo tu, fungua geini ya amplifaya mpaka mwisho, na ukisikia kelele basi amplifaya yako mbovu. Salamu hakuna. Mtu wa huduma, anayelipwa kujibu maswali ya redio, anamwambia mteja afungue geini mpaka mwisho! Hili ndilo lililonichoma kuliko hata hizo volti.

Geini si kitasa cha sauti. Kazi yake ni kuiambia amplifaya itarajie volti ngapi kutoka kwenye redio. Amplifaya nyingi zimeandikwa kutoka volti 0.2 hadi 4, au karibu na hapo. Ukizungusha mpaka mwisho umeiambia kwamba volti 0.2 zinatosha kutoa nguvu zake zote. Redio inayoweza kutoa 1.4 imezidi hapo mara saba, yaani desibeli 17. Kwa hiyo ukipandisha sauti kidogo tu amplifaya inakata wimbi, nguvu inayofika kwenye spika inazidi ile iliyokusudiwa, na sehemu ya ziada hiyo iko kwenye masafa ya juu, inakoishia kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Koili ya twita ni nyembamba, inaungua haraka. Huo ndio ushauri waliompa mteja wao.

Namna sahihi inajulikana. Chomoa spika, weka redio kwenye namba ya mwisho iliyo safi, kwa hii ni 33, piga toni ya hezi 50 kwa sabufa au hezi 1000 kwa spika za kati ikiwa multimita yako inafika huko, kisha pandisha geini taratibu huku ukipima AC kwenye kutokea spika. Volti unazotafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Wati 100 kwenye omu 4 ni volti 20. Wati 75 kwenye omu 4 ni 17.3. Wati 500 kwenye omu 2 ni 31.6. Ukifika hapo acha, rudisha spika, na kitasa hicho usikiguse tena.

Na volti zina maana, wasitudanganye. Waya wa RCA unaopita sakafuni hadi kwenye buti huokota uchafu njiani, na uchafu huo haujali redio ina volti ngapi. Tuseme umeokota milivolti 2. Redio ya volti 4 za kweli inauzidi mara 2000, desibeli 66. Hii ya 1.4 inauzidi mara 700, desibeli 57. Desibeli 9 zimepotea, nawe unalazimika kuzirudisha kwa kupandisha geini, ambayo inakuza muziki pamoja na ule mluzi wa altaneta unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta.

Mluzi huo ninao kwangu, na kabla sijailaumu redio nimeondoa sababu nyingine. Geini na amplifaya: nilichomoa RCA nikaweka plagi zilizounganisha pini na pete, kelele ikakatika, kwa hiyo amplifaya ni nzima. Ethi: amplifaya imefungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, waya mfupi. Pete ya RCA hadi bodi ya redio nilipima omu 0.3, kwa hiyo njia ya ethi ndani ya redio haijakatika. Kipimo hiki kisirukwe na yeyote mwenye mluzi. Ukisoma makumi ya omu au usipopata kitu kabisa, hakuna volti zitakazokuokoa, njia hiyo ndiyo iliyoungua, na mara nyingi huungua pale mtu anapochomeka RCA huku umeme unawaka na ethi ya amplifaya imelegea. Toa hasi ya betri kwanza.

Kuna udhaifu mwingine ambao boksi halitaji. Niliweka rizista ya omu 10,000 kati ya pini na pete, na 1.4 ikashuka hadi 1.3. Maana yake ukinzani wa kutokea wa redio uko karibu na omu 770, ambao ni mkubwa. Ukigawa RCA moja kwa waya wa Y kulisha amplifaya mbili zenye ukinzani wa kuingia wa omu 10,000 kila moja, unabaki na 1.2. Redio yenyewe ilishaanza na kidogo!

Lakini sitaki kuonea. Nilifunga laini draiva, kile kiboksi cha kukuza volti, nikaikalisha nyuma ya redio kabisa na ethi yake nikaifunga palepale ilipofungwa ya redio. Ukiiweka buti, karibu na amplifaya, itakuza na uchafu ulioshaokotwa, umefanya kazi bure. Nikaiweka itoe volti 3.5, chini ya kikomo cha amplifaya, nikashusha geini kulingana nayo. Mluzi ukazama. Na hapo nakiri: redio inasikika vizuri sana. Sauti ya mwimbaji inakaa katikati ya dashibodi, besi imekazana, ucheleweshaji wa spika (ule wa kufanya sauti zote zikufikie pamoja) unafuata namba ulizoweka bila kuyumba. Kwa dakika chache nilitaka kupandisha nyota ziwe nne.

Kisha nikafikiri: kiboksi hicho nimekinunua mimi. Kimeongeza waya za RCA, kimeongeza viungo vinavyoweza kulegea, kimekula nafasi nyuma ya redio ambapo hata soketi yake yenyewe inabanwa. Vyote hivyo ni kufidia namba waliyoandika wao wenyewe kwenye boksi. Sauti nzuri niliyoipata si yao peke yao. Nyota nne hapana. Hata mbili sasa naziona nyingi.

Anayeendesha spika kwa nguvu za redio yenyewe, bila amplifaya ya nje, anaweza kununua bila wasiwasi, RCA hazimhusu. Hata mwenye amplifaya chini ya kiti, waya wa mita moja, huenda asisikie tofauti yoyote. Mwenye amplifaya buti na spika zinazosema kila kitu, aiache, au aihesabu tangu mwanzo kama redio ya volti 1.4. Aliyekwisha kuifunga, asipite 33.

Nimepunguza, nimebakisha nyota moja.