Uzoefu wangu na utepe wa kupimia uzito wa ng'ombe: misimu mitatu mnadani, Dodoma

Nimetumia utepe wa kupimia uzito wa ng'ombe kwa misimu mitatu, tangu mwishoni mwa 2022. Wafugaji wenzangu huniuliza kama kweli unasaidia au ni kutupa hela. Unasaidia, tena sana, lakini si kwa namna muuza duka alivyonieleza. Naanza na hasara iliyonipeleka dukani.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi wilaya ya Kongwa. Kiinua mgongo kilipotoka nilijenga banda, nikaanza kunenepesha madume. Nanunua waliokonda kwenye minada ya vijijini, nawalisha mashudu ya alizeti, pumba za mahindi na mabua kwa siku tisini, kisha nauza. Chakula hakikunisumbua, maana alizeti huku kwetu inalimwa na kukamuliwa kila upande. Kilichonisumbua ni bei.

Dume wa kwanza niliyempeleka sokoni alikuwa mwekundu, amejaa mgongo mpaka uti hauonekani. Nikapewa laki saba na themanini. Nikakataa. Nikazungushwa kutwa nzima, wanunuzi wanakuja, wanamtazama, wanaondoka. Jua lilipoanza kuinama na mafuso ya wachuuzi kuanza kunguruma, nikakubali ile ile laki saba na themanini ya asubuhi. Siku mbili baadaye shemeji yangu mwenye bucha akanipigia simu.

"Shemeji, yule mwekundu wako nimekutana naye machinjioni. Katoa kilo mia moja arobaini na nane."

Wakati huo shemeji alikuwa ananunua nyama kwa jumla shilingi 6,500 kilo. Piga hesabu: 962,000, na hapo hujagusa ngozi, kichwa, miguu wala utumbo. Mchuuzi naye ana ushuru, gari na mchinjaji wa kulipa, hilo silikatai. Lakini mimi nilikuwa nimeamka alfajiri siku tisini kumkorogea pumba yule ng'ombe, na yeye alikaa naye siku mbili tu.

Nililitafakari jambo hili wiki nzima. Pale zizini mchuuzi alikuwa ameniambia, "Mama, huyu akizidi sana ana kilo mia na kumi za nyama." Mimi nikamjibu kwamba dume ni mkubwa na amenona. Yeye alikuja na namba, mimi nikaja na sifa. Bei ikafuata namba.

Kwa ambao hawajawahi kuuza: mnada wa ng'ombe wa kijijini ni mnada kwa jina. Hakuna mtu anayesimama mbele ya watu kupandisha dau. Unamwingiza ng'ombe zizini, unashika kamba yake, na dalali anakuletea mnunuzi. Wanamzunguka, wanambonyeza mbavuni na kwenye shina la mkia kutafuta mafuta, wanamfungua mdomo kuhesabu meno, halafu wanasogea pembeni kunong'ona. Bei inakufikia kupitia kwa dalali, na kati ya bei iliyotajwa kule pembeni na ile inayotua sikioni mwako huwa kuna cha juu. Ukubwa wa hicho cha juu unategemea jinsi wewe mwenye ng'ombe ulivyo gizani.

Sisemi madalali wote ni wabaya. Yupo mzee mmoja wa Kigogo ambaye namshukuru mpaka leo, aliyenifundisha kusoma meno bila kuniomba hata soda. Meno mawili ya ukubwa, dume ana miaka miwili na kitu. Manne, yupo mitatu na zaidi. Manane, amekwisha komaa, na huyo ukimlisha anaongeza mafuta zaidi kuliko nyama. Tangu siku hiyo nanunua wa meno mawili hadi manne tu.

Sasa utepe wenyewe. Niliununua kwenye duka la pembejeo za mifugo Dodoma mjini kwa shilingi 15,000. Upande mmoja una sentimita, upande wa pili kilo. Unauzungusha kifuani, nyuma ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu, unaukaza bila kuubana, unasoma kilo. Kazi ya nusu dakika kama ng'ombe ametulia. Ni wa plastiki ngumu, haujakatika, na maandishi bado yanasomeka baada ya misimu mitatu ya kinyesi na vumbi. Kwa uimara sina lalamiko.

Lalamiko langu ni upande wa kilo. Umeandikwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa wa kizungu, na zebu wetu, yaani ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, ana umbo lake. Niligundua hilo siku nilipompandisha dume wangu kwenye mizani inayofanya kazi, katika mnada mmoja wa upili, yaani ule mkubwa unaopokea ng'ombe waliotoka minada ya vijijini. Mizani ilisema kilo 287. Utepe ulikuwa umesema 312. Tofauti ya kilo 25 ni fedha nyingi. Ukiwa muuzaji utaridhika na kudhani una mali zaidi, kisha utagombana na kila mnunuzi anayeijua kazi yake. Ukiwa mnunuzi utalipia kilo hewa, na hasara hiyo utailisha mashudu miezi mitatu.

Kwa hiyo sasa natumia upande wa sentimita na kanuni ambayo maofisa ugani wengi wanaijua. Unapima mzunguko wa kifua. Unapima urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, ule unaochomoza pembeni ya mkia. Unazidisha mzunguko kwa mzunguko, unazidisha tena kwa urefu, unagawanya kwa 10,840. Jibu ni kilo. Yule dume wa mizani alikuwa na kifua sentimita 160 na urefu 126, kanuni ikanipa karibu 298. Bado imezidi, lakini kwa kilo 11 tu, na mimi hupunguza hizo kichwani kabla ya kufungua mdomo.

Ukielewa hivyo, hulazimiki kununua utepe wa elfu kumi na tano. Futi ya fundi cherehani inatosha, ila nyingi zinaishia sentimita 150 na dume aliyenona anazipita. Mke wa kaka yangu anatumia kamba ya katani: anazungusha, anapiga fundo, analaza kamba chini na kuipima kwa futi mara mbili. Namba zake na zangu hazijawahi kupishana kwa zaidi ya sentimita moja au mbili. Muhimu ni ng'ombe asimame sawasawa, miguu minne imeshika chini, kichwa juu. Akiinama kula, kifua kinabadilika. Na mpime asubuhi kabla hajanywa maji, maana akishajaza tumbo unapima na maji yake.

Nikupe hesabu ya dume mmoja wa msimu uliofuata, maana hapo ndipo utepe ulipojilipa. Nilimkuta mnadani mwezi wa kumi, kifua 148, urefu 118. Kanuni: kilo 238. Nilikuwa nimejiwekea kwamba aliyekonda simlipii zaidi ya 2,600 kwa kilo ya uzito wake akiwa hai, kwa sababu aliyekonda hutoa nyama pungufu ya nusu ya uzito wake. Mwenyewe alianzia laki saba na nusu. Nilimwonyesha kijana yule daftari, nikamweleza nilivyopata namba, tukamalizana kwa 620,000. Hakuondoka na kinyongo, na mwaka uliofuata alinitafuta yeye.

Siku tisini baadaye kifua kilikuwa 161, urefu 126, yaani kilo 301. Chakula kilinigharimu kama 1,800 kwa siku, jumla 162,000. Dawa ya minyoo, kuogesha na kumwona mtaalamu, 30,000. Nilimpeleka Kizota, mnada wa upili pale Dodoma mjini, ambako wanunuzi wa machinjio na wa kusafirisha kwenda Pugu, mnada mkubwa wa Dar es Salaam, wanakutana. Dalali mmoja kijana, niliyemfundisha darasa la tano, akanijia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Huyu ana kilo mia tatu."

"Mwalimu, nimeletewa laki nane. Watu wa mjini leo hawana hela."

"Kilo mia tatu, nusu yake nyama. Kamuulize anauza kilo ya jumla shilingi ngapi, halafu urudi na hesabu."

Alirudi na laki nane na nusu, akarudi na laki tisa, na mara ya nne akamleta mnunuzi mwenyewe. Tukapima pamoja, mnunuzi kashika ncha moja ya utepe. 950,000. Ukitoa ushuru na gari, kama 30,000, nilibaki na 108,000 safi. Si utajiri, lakini madume sita kwa mzunguko mmoja yananisomeshea mjukuu.

Utepe una mipaka yake, na ningependa muuza duka angeniambia. Haukuambii ng'ombe ana afya. Nimewahi kununua dume mwenye vipimo vizuri na bei nzuri, kumbe ana ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, nikamzika wiki ya pili. Siku hizi natazama macho, pua na kinyesi kwanza, nabonyeza tezi chini ya sikio na mbele ya bega, ndipo natoa utepe mfukoni. Hauwezi pia kazi ya mbuzi. Pale mnada wa Msalato, Dodoma, siku ya Jumamosi, wanunuzi wengi wanataka mbuzi wa kuchoma siku hiyo hiyo. Wanamnyanyua kwa mikono, wanambonyeza kiunoni na kulipa. Mkono wao ni mizani tosha. Na ng'ombe jike mwenye mimba usimpime kwa utepe ukadhani umepata kilo za nyama.

Kingine: utepe haushindi majira. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Septemba mpaka Novemba malisho yamekwisha, watu wanauza ili wanunue mahindi, na ng'ombe wa kilo ile ile anashuka bei. Januari wanauza kwa ajili ya shule. Baada ya mavuno mambo yanageuka: aliyeuza alizeti anataka kuweka fedha yake kwenye ng'ombe, na bei inapanda. Wakati wa Krismasi na Iddi machinjio yanagombea walionona. Ndiyo sababu nanunua mwezi wa tisa na wa kumi na kulenga sikukuu. Sipendi kununua kwa mtu mwenye njaa, nasema kweli. Nampimia ng'ombe wake mbele yake na kumlipa kwa kilo, ajue ameuza nini. Pale nyumbani kwetu, marehemu baba alikuwa akiuza ng'ombe mwaka wa njaa na kurudi na debe mbili za mahindi, na mama hakuuliza.

Makaratasi nisiyasahau, kwa sababu nimeona watu wakikwama na ng'ombe zizini mpaka usiku. Njoo na barua ya mtendaji wa kijiji chako inayoonyesha ng'ombe ni wako. Lipa ushuru kwa mashine na uchukue risiti. Mnunuzi akisafirisha, kibali cha afisa mifugo ni lazima. Kukiwa na karantini, hasa ya miguu na midomo, hakuna namba ya utepe itakayokusaidia. Rudi nyumbani, endelea kulisha.

Jambo moja linaniuma kuliko mengine yote. Nimeuzia katika mnada mmoja, sitautaja, wenye mizani nzuri ya ng'ombe yenye kizimba cha chuma. Mara tatu nilizokwenda ilikuwa imefungwa kufuli. Nilipouliza niliambiwa wanunuzi hawaitaki. Wafugaji walikuwa wamesimama pembeni yake na ng'ombe wao, wanasubiri kuambiwa bei. Minada ya awali iko chini ya halmashauri, ya upili na ya mipakani iko chini ya wizara, na kote huko mfugaji analipa ushuru. Mwenye kulipa ushuru ana haki ya kupimiwa mali yake. Nimelisema hili kwenye mkutano wa kijiji na nitalisema tena.

Kwa anayetaka kununua utepe: nunua, lakini tumia upande wa sentimita. Chukua na daftari la kurasa ngumu, andika kila ng'ombe, tarehe, kifua, urefu, kilo, bei uliyoambiwa na bei uliyouza. Daftari langu la kwanza limejaa, na mtoto wa kaka yangu, anayenisaidia bandani, ndiye anayeshika la pili.

Msimu huu nina madume saba. Leo asubuhi amenisomea namba zao. Watano wamepita kilo 280 na wataondoka wiki ijayo. Wawili wamesimama pale pale kwa siku kumi na nne, na mmoja wao anakohoa, kwa hiyo kesho naanza na mtaalamu wa mifugo.