Gari mpya iliyokaa yadi muda mrefu huku Marekani: zipi za kuchukua, zipi za kuachana nazo

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, kila mwaka ukikaribia kuisha swali ni lilelile. Mtu kaona gari mpya kabisa, modeli ya mwaka jana, dashibodi inasoma maili 11 tu, dila anasema kashusha dola elfu nne, je achukue? Inategemea ni gari gani na imekaa kwa sababu gani, kwa hiyo nimezipanga hapa kuanzia ile ambayo ningemwambia dada yangu akachukue kesho asubuhi mpaka ile ambayo ningemzuia mlangoni.

Kwanza ujue kwa nini dila anahangaika. Zile gari unazoziona zimepangwa yadi hajazilipa kwa hela yake, karibu wote wanakopa benki au kwa kampuni ya mikopo ya mtengenezaji, gari ikishushwa tu kwenye lori riba inaanza kutembea, na kila siku gari ikilala pale inamla faida. Ya mwezi mmoja haimsumbui, lakini ikifika miezi sita au nane meneja anataka iondoke hata kwa faida ndogo sana, na mara nyingi ana akiba asiyoitaja, maana watengenezaji wengi humrudishia dila asilimia mbili au tatu hivi ya bei gari ikishauzwa. Ndo maana anaweza kukuuzia chini ya invoisi anayokuonyesha, yani bei aliyouziwa na mtengenezaji, na bado hajala hasara. Tovuti kama CarGurus zinaonyesha gari imekaa siku ngapi kwa dila, hiyo namba iandike kabla hujapiga simu, utaihitaji kwenye kupatana bei.

Sasa hesabu, na hapa ndo watu wengi wanaumia. Sokoni umri wa gari unahesabiwa kwa modeli, sio kwa siku uliyoinunua wewe. Ukinunua ya 2025 wakati za 2026 zimeshajaa, siku ukiiuza ni ya 2025, basi, hakuna atakayekuuliza uliitoa dukani mwezi gani. Kwa hiyo usilinganishe bei na kile kibandiko cha dirishani chenye bei ya mtengenezaji peke yake, linganisha na vitu viwili: modeli mpya ya mwaka huu, na ileile ya mwaka jana iliyotumika kidogo. Tuseme mpya ya 2026 ni $30,000, ya 2025 iliyokaa wanakupa $28,500, na ya 2025 yenye maili elfu kumi inauzwa $25,500. Hapo hiyo $1,500 waliyopunguza haijafidia mwaka uliopotea, bora uongeze kidogo uchukue mpya au ushuke kwenye iliyotumika. Ikishuka mpaka elfu 26 na kitu, hapo tunaongea.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja ni gari ya kawaida ya petroli au haibridi, modeli ya mwaka jana, ambayo ya mwaka huu haijabadilika umbo wala injini. Imekaa kwa sababu ya rangi ambayo watu hawaipendi, au ina vikorombwezo vingi mno, au dila aliagiza nyingi kuliko uwezo wake wa kuuza. Gari yenyewe haina tatizo lolote. Hii ndo ya muuguzi anayeenda shifti ya usiku, ndo ya anayefanya Uber, ndo ya familia yenye watoto wawili. Ila Toyota zinazogombaniwa kama Sienna usizitegemee sana kwenye kundi hili, hizo hazikai, ukiona Sienna mpya imekaa miezi saba uliza kuna nini. Na hakikisha kweli haijabadilika, maana kama 2026 wameleta umbo jipya kabisa, ya zamani itashuka bei haraka na wewe lazima upewe punguzo kubwa zaidi kufidia hilo.

Namba mbili ni gari ya kampuni kubwa ambayo wameacha kuitengeneza. Chevrolet Malibu ni mfano mzuri, ya mwisho ilitoka kiwandani Novemba 2024. Watu wanaogopa spea, lakini Malibu zimeuzwa nyingi sana nchi hii, spea zitakuwepo miaka mingi na fundi yeyote wa mtaani anaijua. Kama unakaa na gari mpaka ichoke, yani miaka nane, kumi, hii inaweza kukulipa kuliko hata namba moja. Kama we ni mtu wa kubadili gari kila miaka mitatu, achana nayo.

Namba tatu, gari za dila zenyewe, zile walizokuwa wanawapa wateja kuendesha kidogo au kuazima wakati gari zao ziko gereji. Kisheria mara nyingi bado inauzwa kama mpya kwa sababu haijawahi kusajiliwa kwa jina la mteja, lakini ina maili elfu tatu, nne, tano. Hapa swali ni moja na usilisahau: waranti ilianza lini? Gari iliyokaa tu yadi waranti yake inaanza siku unayokabidhiwa wewe, lakini iliyokuwa inaazimwa saa yake ilishaanza kuhesabu siku ilipoanza kutumika. Unaweza kujikuta umelipia miaka mitatu ukapata miwili.

Namba nne ni za umeme. Ule msaada wa serikali wa $7,500 uliisha tarehe 30 Septemba 2025. Waranti ya betri kubwa kwa kawaida ni miaka 8 au maili 100,000, hilo linatuliza moyo, lakini bei ya kuuza tena inaporomoka vibaya na teknolojia inabadilika kila mwaka. Ushauri wangu ikodishe kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, hasara ya kushuka bei ibaki kwa mwenye gari. Na kama unakaa apatimenti isiyo na pa kuchajia, pita mbali.

Namba tano, pikapu na SUV kubwa. Mwaka 2024 Stellantis, wenye Jeep, Ram na Dodge, walijaza yadi mpaka dila wao wakalalamika hadharani, na bosi wao Carlos Tavares akajiuzulu Desemba mosi mwaka huo. Punguzo la elfu kumi, kumi na tano linavutia macho, lakini ukitoa elfu 15 kwenye elfu 80 bado unadaiwa elfu 65, na mafuta, na bima, na tairi za bei ya kuumiza. Punguzo kubwa haliifanyi gari kuwa rahisi jamani. Mtu ana kazi mbili na bado anatuma hela nyumbani kila mwezi, mzigo huu wa nini?

Mwisho kabisa naweka zile ambazo hazikupata wanunuzi tangu zianze, kama Dodge Hornet. Ilikuwa inatengenezwa Italia, na modeli ya 2026 ilisitishwa ushuru mpya ulipoingia. Zipo chache barabarani, kwa hiyo soko la kuuzia tena ni dogo.

Italia naitaja kwa sababu nyingine pia. Kuanzia 2025 mpaka 2028 unaweza kukata kwenye kodi yako riba ya mkopo wa gari mpaka $10,000 kwa mwaka, lakini lazima gari iwe mpya, iwe imeunganishwa Marekani, na kipato chako kisizidi kiwango. Ya modeli ya mwaka jana ambayo haijawahi kuuzwa bado ni mpya, inaingia. Iliyotumika haiingii. Mahali ilipounganishwa pameandikwa kwenye kibandiko cha dirishani, ambacho sheria ya 1958 inamlazimisha dila akiache hapo mpaka mteja akabidhiwe gari.

Ukifika yadi usikimbilie ndani kwenye kiyoyozi. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha kwenye nguzo, kina mwezi na mwaka gari ilipotengenezwa. Kwenye VIN, yani namba ya utambulisho wa gari, herufi ya kumi ni mwaka wa modeli: R ni 2024, S ni 2025, T ni 2026. Chuchumaa kwenye tairi utafute herufi DOT, tarakimu nne za mwisho zikisoma 4124 maana yake wiki ya 41 ya 2024. Fungua boneti uangalie nyaya kama panya hawajatafuna na kama hakuna viota vya majani karibu na betri. Kutu nyepesi kwenye diski za breki ni kawaida, inaondoka ukiendesha, ila ukifika maili 50 kwa saa na usukani unatetemeka hata baada ya tairi kupata moto, ujue zimekaa mahali pamoja muda mrefu, wabadilishe. Dai betri ndogo ipimwe mbele yako, oili ibadilishwe, na mafuta yaliyomo yawe mapya, petroli ya miezi mingi haifai. VIN iweke kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya serikali ya usalama barabarani, ni bure, kama kuna tatizo la usalama ambalo halijarekebishwa dila haruhusiwi kukukabidhi gari mpya hiyo mpaka alitengeneze.

Kwenye hela, nenda credit union kwanza, zile ni kama SACCOS za huku, upate barua ya mkopo mkononi, halafu mwache dila ajaribu kukupa riba ndogo kuliko hiyo. Ongea bei ya mwisho yenye kodi na ada zote, usiongee malipo ya mwezi. Naitrojeni kwenye tairi, namba za kuchonga kwenye vioo, dawa ya rangi, vyote kataa. Na kama dipoziti yako ni ndogo, bima ya kufidia pengo kati ya deni na thamani ya gari ikiharibika kabisa au kuibiwa chukua, kwa bei ndogo ya kampuni yako ya bima au credit union, kwa sababu gari hii sokoni ishahesabiwa ina mwaka mmoja wakati deni lako ndo kwanza linaanza.

Usisaini kabla hayo yote hayajafanyika au hayajaandikwa na meneja kutia saini, maana hakuna sheria ya shirikisho inayokupa siku tatu za kurudisha gari uliyonunua dukani kwao, hiyo habari inazunguka sana kwenye magrupu yetu ya WhatsApp na si kweli.